Matunda Katika Asali: Namna ya Kuyachachusha Nyumbani

 

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za jambo dogo la jikoni. Lakini ijapokuwa ni dogo, ndani yake mna faida na mna hasara, na mna jambo moja la hatari ambalo sharti kila mama alijue. Nenda sokoni Muleba au Kamachumu wakati mananasi yamewiva. Asubuhi utayaona yamepangwa vizuri, na mwenye mali akitaja bei kwa sauti kubwa. Rudi saa kumi ya jioni, utamkuta mtu yule yule amechoka, sauti imeshuka, na bei imeshuka pamoja nayo. Yasiyonunuliwa hubebwa kurudi nyumbani, na baada ya siku tatu hutupwa migombani. Mwezi huu twatupa, miezi michache baadaye mtoto akiuliza, "Mama, mbona hatuna tunda?" hatuna jibu.

Basi swali letu la leo ni hili: mtu asiye na mashine, wala barafu, wala kiwanda, aweza kuyaweka matunda ya msimu mpaka msimu umekwisha? Aweza, kama ana asali nzuri, chupa safi na subira. Ayatie katika asali mbichi, ayaache yachachuke polepole.

Najua wako watakaocheka na kusema, "Huyu anatufundisha kuchachusha, sisi Wahaya!" Wana haki ya kucheka. Kazi ya kuchachusha twaijua tangu zamani za mababu, wala sikuja kuwafundisha rubisi. Bali nataka tuanze na rubisi, maana mwenye kuifahamu rubisi amekwisha kufahamu nusu ya maneno yangu.

Kumbukeni inavyofanywa. Ndizi za mbire huivishwa siku chache mpaka zilainike. Humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na nyasi safi, hukanyagwa au hukandwa, na maji yake hutoka. Kinywaji hicho kitamu kisichochacha bado ndicho mramba. Hata mtoto hunywa. Kisha hutiwa maji kiasi, na mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, huachwa. Kesho yake ukisogeza sikio lako wasikia inachemka, na hali hapana moto chini yake. Hiyo ndiyo rubisi. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili ni kali, na baada ya siku chache imekuwa siki, haifai tena.

Ni nani aliyeichemsha bila moto? Wazee wetu waliona kazi, lakini mfanya kazi hawakumwona, kwa sababu ni mdogo kupita kiasi cha macho. Mwaka 1857 mwanachuoni wa Kifaransa, jina lake Louis Pasteur, alianza kuutangazia ulimwengu kwamba uchachu ni kazi ya vijidudu vyenye uhai. Hamira ni mmojawapo wa vijidudu hivyo. Hukaa katika maganda ya matunda, katika majani, katika mti wa mtumbwi wenyewe. Hula sukari, na katika kula kwake hutoa vitu viwili: hewa, ndiyo ile inayotoa mapovu, na kileo. Kisha huja vijidudu wengine ambao hukigeuza kile kileo kuwa siki. Ndiyo maana rubisi haikawii kuharibika.

Sasa tuuangalie upande wa pili, yaani asali. Asali ina sukari nyingi kuliko ndizi, nyingi mno. Kama hamira hula sukari, mbona asali iliyoiva haichachi katika kibuyu, hata ikikaa mwaka mzima? Jibu lake ni maji. Nyuki akileta maji matamu ya maua mzingani, hayatii tu katika masega na kwenda zake. Yeye na wenzake huyapepea kwa mbawa mchana na usiku mpaka sehemu kubwa ya maji imekwisha kukauka, ndipo huyafunika kwa nta. Asali iliyofunikwa hivyo ina maji pungufu ya sehemu 20 katika 100, na karibu yote iliyobaki ni sukari. Hamira akianguka humo hafi mara moja, lakini hawezi kufanya kazi. Sukari ile humnyonya maji ya mwilini mwake, akalala kama mbegu katika ardhi kavu. Tena asali ina ukali wake, ijapokuwa ulimi hauusikii kwa sababu ya utamu, na ukali huo huwazuia vijidudu wengi wabaya.

Basi yashikeni maneno haya, maana ndiyo shina la mazungumzo yangu yote: asali hailindwi na utamu peke yake, hulindwa na uhaba wa maji. Na tunda ni maji. Katika nanasi, sehemu 86 hivi katika 100 ni maji matupu. Siku unayotia tunda katika asali, umemfungulia hamira mlango.

Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu. Tutie chupani nusu kilo ya nanasi na robo tatu ya kilo ya asali. Katika nanasi mna maji gramu 430. Katika asali, tukisema sehemu 18 katika 100, mna maji gramu 135. Jumla ya maji ni gramu 565, na vyote pamoja ni gramu 1,250. Ukigawa utaona kwamba sasa maji ni sehemu 45 katika 100. Hii si asali tena! Lakini wala si kama rubisi, ambayo maji yake ni sehemu 80 na zaidi. Imesimama katikati. Ndiyo sababu hamira huamka, lakini hufanya kazi polepole kama mzee apandaye kilima, na matunda hukaa majuma na miezi, siyo siku mbili tatu.

Jambo hili la kukutanisha asali na mmea si geni katika nchi zetu. Watu wa Singida na Tabora hufanya wanzuki, pombe ya asali na maji. Katika nchi ya Kenya, Wakikuyu huchukua matunda makavu ya mwegea, ambao wao huuita muratina, wakayatia katika maji ya asali. Hamira aliyemo katika matunda hayo huianzisha kazi, na pombe yenyewe huitwa kwa jina la mti. Wahabeshi nao wana tej yao, ambayo huitia majani na vijiti vya gesho. Hao wote hutia maji katika asali kwa makusudi, kwa kuwa wanatafuta kinywaji. Sisi leo hatutii hata tone moja, kwa kuwa tunatafuta kuhifadhi tunda. Afadhali tujifananishe na watu wa pwani, ambao huhifadhi maembe mabichi na ndimu kwa chumvi na pilipili wakapata achari. Chumvi yao ndiyo asali yetu.

Haya, tuje katika kazi yenyewe. Kwanza asali. Wengi wetu hununua asali itokayo Biharamulo na kwingineko kwenye misitu. Chagua asali mbichi, yaani isiyochemshwa, kwa sababu moto huua hamira, na hamira twamtaka. Iwe ya masega yaliyofunikwa kwa nta. Asali iliyokamuliwa pamoja na masega yasiyofunikwa, na majana ya nyuki ndani yake, ina maji mengi, nayo mara nyingi imeanza kuchacha kabla hujaifikisha nyumbani. Ukifungua kibuyu ukasikia harufu ya pombe na kuona povu juu, usiinunue kwa kazi hii. Wala usidanganywe na majaribio ya njiani, ya kuwasha kiberiti au kudondoshea asali katika maji. Mwenye kuchanganya sukari kwa werevu huyapita majaribio hayo yote. Lililo bora ni kumjua mrinaji na kumwomba akuonyeshe masega. Fuata nyuki, ule asali. Lakini mfuate pia aliyemfuata nyuki.

Pili tunda. Hapa nawaomba msikilize sana. Si kila tunda lafaa. Yafaa matunda yenye ukali: nanasi, pesheni, maembe ambayo bado yana uchachu kidogo, machungwa, na zile ntuntunu za manjano zinazojifunika gamba kama taa ya karatasi. Mapera nayo yafaa ukiyakamulia ndimu. Hayafai matunda matamu yasiyo na ukali, kama papai, fenesi na ndizi mbivu, wala parachichi halifai. Kwa nini? Kwa sababu wako vijidudu wa sumu ambao hawawezi kuota penye ukali wa kutosha, lakini penye maji na pasipo ukali huota. Asali ikikwisha kuzimuliwa na maji ya tunda, mlinzi wa kwanza amepungukiwa nguvu. Basi sharti mlinzi wa pili, yaani ukali, awepo. Twanga hili moyoni: ikiwa ulimi wako hauoni ukali, usilitie tunda hilo chupani. Na ukiwa na shaka, kamua ndimu moja au mbili juu yake.

Tena tunda liwe zima. Wako watu wanaokula yaliyo mazuri na kuhifadhi yaliyopondeka. Hiyo ni kazi bure. Tunda lililooza upande mmoja limekwisha kuwapa nafasi vijidudu wabaya, nao hutangulia kazini kabla ya hamira.

Tatu chombo. Tumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Usitumie bati wala shaba, maana ukali wa matunda hula madini. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, isuuze, uipindue ikauke kabisa. Nasema ikauke kabisa, kwa sababu maji ya kusuuzia nayo ni maji.

Sasa tuendelee. Osha nanasi lako kabla ya kulimenya, na kisu, na ubao, na mikono yako. Limenye, ulikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vipanguse kwa kitambaa safi, au uviache katika ungo uliofunikwa chandarua kwa saa moja, ili maji ya juu yakauke. Kwa kipimo kile tulichofanyia hesabu, twaa chupa ya lita moja na nusu. Tia vipande vyako, nusu kilo. Mimina asali robo tatu ya kilo. Na kwa kuwa lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1 na gramu 400 hivi, hiyo ni kama nusu lita na kidogo zaidi. Koroga kwa kijiko safi kikavu mpaka kila kipande kimevaa asali. Utaona kwamba theluthi ya chupa imebaki tupu. Usiijaze! Nafasi hiyo ni ya povu.

Funika, lakini usikaze kifuniko. Weka chupa juu ya sahani, mahali penye kivuli, pasipo joto la mafiga, na mbali na njia ya sisimizi. Kila siku asubuhi, fungua, koroga au pindua vipande vilivyoelea vizame, kisha funika tena vivyo hivyo kwa kulegeza. Vipande huelea kwa kuwa ni vyepesi kuliko asali, na kipande kinachokaa juu siku nyingi bila kupakwa asali ndicho kinachoota ukungu.

Siku ya pili au ya tatu utaona asali imekuwa nyepesi kama maji ya sukari. Hapo watu wengi hushtuka wakadhani wameuziwa asali ya uongo. Usishtuke, ni maji ya tunda yametoka. Kati ya siku ya tatu na ya saba utaona mapovu madogo yakipanda, na ukifungua utasikia sauti kama ya mtu anayepumua. Hamira ameamka. Mapovu yatazidi kwa juma moja au mawili, kisha yatapungua. Waweza kuanza kula baada ya juma la kwanza, lakini mwenye kungoja mwezi mmoja hupata ladha nyingine kabisa: utamu, ukali, na harufu ya nanasi imeingia katika asali, na asali imeingia katika nanasi. Mstahimilivu hula mbivu.

Na mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa hasara. Chupa yangu ya kwanza niliijaza mpaka shingoni, maana niliona haya kuacha nafasi tupu kama mtu mchoyo. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaiweka rafuni juu ya vitabu. Siku ya nne tukapata habari ya msiba, nikaenda Nshamba kuzika, nikakaa huko siku tano. Niliporudi nilikuta mlango wa chumba una mstari mweusi wa sisimizi. Chupa ilikuwa imepasuka. Vioo vilitapakaa mpaka kitandani, na asali imeingia katika vitabu vyangu, kurasa zimeshikana. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuna mtoto aliyekuwa amelala chumbani humo. Shangazi yangu alikuja kutazama, akasema, "Mwanangu, umewahi kuona mtu akiufunga mtumbwi wa rubisi kwa misumari?" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimesahau shuleni nilichokijua nyumbani, ya kwamba kitu kinachochacha hupumua, na kinachopumua hakizibwi pua.

Basi utajuaje kwamba mambo yanakwenda vema? Povu jeupe au la rangi ya matunda, lenye kupasuka ukilikoroga, si kitu. Harufu ya matunda na kileo kidogo ni njema. Lakini ukiona manyoya juu, ya kijani, meusi au mekundu, huo ni ukungu. Usiondoe kwa kijiko ukala kilichobaki; mwaga vyote, uoshe chupa, uanze upya. Ukisikia harufu ya kuoza, mwaga pia. Najua inauma kumwaga asali, maana asali ni fedha. Lakini asali iliyomwagwa hununuliwa tena, na tumbo lililoharibika halinunuliwi. Ndiyo maana nawashauri waanzao waanze na chupa moja ndogo, kabla ya kutia mali nyingi katika jambo wasilolizoea.

Sasa nina maneno kwa wale wasiotumia kileo, ama kwa dini yao, ama kwa nadhiri yao, ama kwa afya yao. Sitaki kuwaficha. Panapo hamira na sukari, kileo hupatikana. Katika chupa hii ni kidogo mwanzoni, lakini huongezeka kadiri inavyokaa, wala hatuna kipimo nyumbani cha kujua ni kiasi gani. Kwa hiyo si chakula cha kuwapa watoto kwa bakuli, wala si halali kwa mtu aliyejikataza. Mtu wa namna hiyo ana njia nyingine, nayo ni nyepesi: ayakaushe matunda kwanza. Kata nanasi vipande vyembamba, uanike juani juu ya ungo safi uliofunikwa chandarua, mpaka vipande viwe kama ngozi na visitoe maji ukivikunja. Mvua zetu za kando ya ziwa ni nyingi, kwa hiyo huenda ukahitaji kumalizia karibu na jiko. Kisha vitie katika asali. Kwa kuwa maji yamekwisha kutoka, mlango wa hamira umefungwa, na asali hukaa kama ilivyo. Na wenye ugonjwa wa kisukari wakumbuke kwamba, kwa njia hii au ile, hiki ni kitu cha sukari nyingi. Wamwulize mganga wao kwanza.

Nimelibakiza jambo moja la mwisho, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Mtu akisahau habari za mapovu na vifuniko, nitamsamehe, asisahau hili.

Siku moja nilikuwa nyumbani kwa jirani. Mkwewe, yaani mke wa mwanawe, alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na mtoto ana kikohozi. Bibi yule mzee akachukua chupa ya nanasi na asali, akachota kijiko. Akasema, "Mpe mjukuu wangu. Asali ni dawa. Nami nililambishwa nilipozaliwa, nikaishi."

Yule mama kijana akapiga goti, akasema kwa adabu, "Mama, nisamehe. Mwuguzi wa zahanati ametuambia kwamba mtoto asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja."

Mzee akakasirika. "Mwuguzi amezaa watoto wangapi?"

"Sijui, mama. Lakini naomba tumwulize kabla ya kumpa. Tukichelewa asali haitaharibika. Na mtoto akiharibika hatutapata mwingine kama yeye."

Bibi akanyamaza kitambo, akakirudisha kijiko chupani. Kesho yake walikwenda zahanati wote watatu, na mwuguzi akaeleza. Nami nataka kuwaeleza ninyi kama alivyoeleza.

Katika asali, hata iliyo safi kabisa, mara nyingine huwamo mbegu za kijidudu fulani wa udongo. Katika asali mbegu hizo zimelala, hazina madhara. Mtu mzima akizila hupita tumboni bila kuota, kwa sababu tumbo lake limekwisha kujaa vijidudu wema wanaomlinda. Lakini tumbo la mtoto mchanga bado ni kama shamba jipya lisilopandwa kitu. Mbegu mbaya ikianguka huota humo na kutoa sumu inayolegeza mishipa na viungo. Mtoto hukosa choo siku kadhaa, kilio chake huwa hafifu, hanyonyi kwa nguvu, kope zake huanguka, shingo hulegea, na mwisho hata pumzi humshinda. Waganga waliutambua ugonjwa huu kwa watoto wachanga huko California, Marekani, mwaka 1976. Kwa hiyo msiwalaumu bibi zetu kwa kutoujua. Wala kuchemsha jikoni hakusaidii, maana mbegu hizo hustahimili maji ya moto. Tena asali iliyotiwa matunda haijawa salama zaidi.

Sheria basi ni moja, haina mlango wa nyuma: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali, wala mbichi, wala iliyopikwa, wala iliyo na matunda, hata ncha ya kidole. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yamtosha. Na mtoto aliyekwisha kupewa, kisha akaonekana na dalili nilizozitaja, apelekwe hospitali siku ile ile. Akitimiza mwaka, basi kijiko cha asali safi kwa kikohozi si vibaya.

Mabwana na mabibi, nafunga mazungumzo yangu. Sikuwaambia kwamba chupa ya nanasi katika asali itamtajirisha mtu, wala kwamba itaponya maradhi. Nimesema kwamba mananasi tunayotupa migombani kwa ajili ya bei kushuka yaweza kungojea katika chupa mpaka siku ambayo hayapo sokoni. Na kwamba kazi hiyo haihitaji ujuzi mgeni, bali ujuzi ule ule wa mtumbwi wa rubisi, ukitazamwa kwa macho mapya. Kumbuka maji: yasizidi. Kumbuka ukali: usikosekane. Kumbuka kifuniko: kisikazwe. Na kumbuka mtoto wa chini ya mwaka mmoja: asionje.

Msimu ujao, saa kumi ya jioni, bei ikishuka sokoni, asiyeuza asinung'unike sana, wala anayenunua asicheke sana. Kila mmoja wao arudi nyumbani na nanasi lake moja, aitazame chupa yake kama imekauka vizuri, aanze kazi.